Bei ya gemu ya mtandaoni iandikwe kwa shilingi, na ushindi usiuzwe

Kwenye kibanda cha gemu hapa Dodoma, iwe Majengo au Nkuhungu, bei imebandikwa ukutani: mechi moja kiasi hiki, saa nzima kiasi hiki. Dogo anayeingia na mia tano mkononi anajua inampa mechi ngapi, na akishafungwa na kumwachia mwenzake pedi anajua hela yake imeisha na imeishia wapi. Mpe dogo huyohuyo simu afungue duka la gemu ya Free Fire. Atakuta vifurushi vya daimondi, sarafu ya ndani ya gemu hiyo: 100, 310, 520, 1,060. Nguo anayoitaka imeandikwa kwa daimondi, gurudumu la kuzungusha limeandikwa kwa daimondi. Ili ajue nguo ile ni shilingi ngapi inabidi apige hesabu mbili kichwani, na wengi hawazipigi. Gemu nyingi kubwa zimejengwa hivyo.

Gemu ya mtandaoni lazima iuze kitu. Seva zinalipiwa kila mwezi hata siku ambayo hakuna aliyeingia, watu wanaofukuza wadanganyifu nao wanakula, na gemu isiyoongezewa vitu vipya huchokwa haraka. Kwa hiyo sipingi kuuza. Ninachosema ni kwamba kitu kiuzwe kwa bei inayoonekana, kwa hela ambayo mnunuzi anaishika kila siku, na kinachouzwa kisiwe ushindi wala bahati. Naandika nikiwafikiria hasa vijana wanaotengeneza gemu zao hapa Dodoma, wa UDOM na vyuo vingine, maana maamuzi ya bei yakikosewa mwanzoni ni kazi kubwa kuyanyoosha wachezaji wakishanunua.

Tuanze na sarafu ya ndani. Tuseme gemu yako inauza vito kwa vifurushi vya 500, 1,100 na 2,400, na kofia ni vito 800. Kifurushi cha 800 hakipo. Mchezaji ananunua cha 1,100, anabaki na vito 300 ambavyo havinunui chochote cha maana. Wiki ijayo yanatoka mabuti ya vito 700. Anavyo 300, anapungukiwa 400, ananunua tena cha 500, anabaki na 100. Kila mara kuna chenji, na chenji hairudi. Ni sawa na duka ambalo badala ya kukurudishia mia mbili yako linakupa pipi, halafu pipi zenyewe huruhusiwi kuzila mpaka uongeze hela.

Machi 2025 mamlaka za kulinda walaji za Umoja wa Ulaya zilitoa kanuni kuhusu sarafu za ndani ya gemu, na mbili kati yake zingetosha kusafisha nusu ya uchafu huu: bei ionyeshwe kwa fedha halisi, na mtu asilazimishwe kununua sarafu nyingi kuliko anazohitaji. Hapa kwetu huhitaji kusubiri mtu akulazimishe. Kila kitu dukani kiwe na bei mbili kwa ukubwa uleule wa herufi, vito 800 na Sh 2,000. Hesabu ya shilingi ifanywe kwa kifurushi kidogo kabisa, ambacho ndicho chenye kito cha ghali zaidi, ili bei uliyoandika isije ikawa chini ya ile atakayolipa. Aliyepungukiwa vito 400 apewe kitufe cha kulipia vito 400 tu.

Ukiweza, achana na vito kabisa. Kofia shilingi 2,000, basi. Sababu halali ya kuwa na sarafu ya kununua ni moja: malipo madogo madogo mengi yanaliwa na makato, kwa hiyo unampa mtu nafasi ya kuweka 5,000 mara moja na kuitumia kidogo kidogo. Hiyo naielewa. Lakini sarafu zisizidi mbili, moja ya kuchuma kwa kucheza na moja ya kununua, na zisibadilishane. Ukiona gemu ina vito, tiketi, nyota na funguo kwa pamoja, jua kila hatua ya kubadilisha moja kwenda nyingine imewekwa ili upoteze hesabu.

Bei zenyewe zifuate hela iliyopo mfukoni. Watu hapa hufikiri kwa 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, kwa sababu ndizo sarafu na noti zinazopita mikononi mwao. Bei ya shilingi 2,475 iliyotokana na kubadilisha senti 99 za dola inaonekana ya kigeni na inaacha salio la ajabu kwenye simu. Weka ngazi tano hizo, na uhakikishe ngazi ya chini ina kitu kizuri kweli. Shilingi 500 ikinunua rangi ya jina au mlio wa kushangilia goli, utapata wanunuzi ambao wasingewahi kununua kitu cha 5,000, na mtu aliyenunua mara moja bila kudanganywa hurudi.

Sasa upande wa muuzaji, maana nao ni mgumu. Chukua kofia ya shilingi 2,000. Kama umesajiliwa VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ndani ya hiyo 2,000 kodi ni shilingi 305. Duka la simu likikata asilimia 15 ya bei yote, ambacho ndicho kiwango cha Google kwa dola milioni moja za kwanza za mwaka tangu Julai 2021, inaondoka 300. Unabaki na 1,395. Ukiwa na wachezaji 20,000 kwa mwezi na wawili katika kila mia wananunua kofia moja, hao ni watu 400, sawa na shilingi 558,000. Seva, ujumbe wa kuthibitisha namba za simu na hifadhi ya data vikila 450,000, zimebaki 108,000, na bado hujamlipa mchoraji.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Gemu nyingi za bure duniani zinaishi kwa kundi dogo la wanunuzi wakubwa, ambao wenye biashara huwaita nyangumi, na njia nyepesi ya kupata hela ya nyangumi ni kumuuzia nguvu. Kabla ya kufika huko kata gharama kwanza. Seva za mechi zisiwake zote saa 24. Angalia wachezaji wako wanaingia saa ngapi, na kama kilele ni saa 2 mpaka saa 5 usiku, washa za ziada saa 1 na uzime saa 7. Punguza ukubwa wa masasisho, maana mechi yenyewe hula megabaiti chache na kinachomaliza bando la mtu ni sasisho la gigabaiti moja na nusu. Akishindwa kulipakua hachezi, na asiyecheza hanunui.

Kuhusu gemu za kulipia moja kwa moja nitasema kidogo. Gemu kubwa ya dola 70, kwa hesabu rahisi ya shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 175,000. Posho ya chakula na malazi ya mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo gemu hiyo ni boom ya siku 17 na nusu. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inatuuzia kwa dola, haina shilingi yetu. Msanidi anayetaka wachezaji hapa inabidi aweke bei ya nchi kwa nchi, na anayeogopa watu wa nje wasijifanye wako Tanzania afunge bei hiyo kwenye njia ya malipo, yaani namba ya simu ya +255 yenye huduma ya pesa, badala ya kutegemea anwani ya intaneti ambayo VPN inaibadilisha kwa sekunde. Zawadi za kutumiana kati ya nchi nazo zizuiwe. Novemba 2023 Steam iliondoa lira ya Uturuki na peso ya Argentina ikaweka dola, kwa sababu thamani ya fedha hizo ilikuwa inayumba mno. Bei ya nchi inataka kupitiwa angalau mara mbili kwa mwaka, vinginevyo inaharibika.

Kiini cha jambo kwenye gemu ya wachezaji wengi ni hiki: mchezaji asiyelipa ndiye uwanja. Aliyenunua ngozi ya dhahabu ya bunduki, yaani pambo la kubadilisha sura yake tu, anahitaji watu 49 wa kuiona. Ukimfukuza asiyelipa kwa kumfanya apigwe kila mechi, umemnyang'anya aliyelipa sababu ya kulipa. Kwa hiyo swali kwa kila kitu kinachoingia dukani ni moja tu: je, kinabadilisha nani anashinda?

Star Wars Battlefront II ilitoka Novemba 2017 ikiwa ya kulipia, na bado ndani yake kulikuwa na masanduku ya bahati, ambayo hujui kilichomo mpaka uyafungue, yenye kadi za kuongeza nguvu. Darth Vader peke yake alihitaji sarafu 60,000 za kuchuma. Kelele zikawa kubwa, kampuni yake, EA, ikapunguza bei ya mashujaa kwa asilimia 75, na siku moja kabla ya gemu kutoka rasmi ikazima ununuzi wote wa ndani. Uliporudi mwaka 2018 ulikuwa wa mavazi tu. Overwatch 2 nayo ilipoanza Oktoba 2022 ilimweka shujaa mpya Kiriko kwenye ngazi ya 55 ya pasi ya bure, yaani orodha ya zawadi za msimu zinazofunguka ngazi kwa ngazi unavyocheza, huku mwenye pasi ya kulipia akimpata papo hapo. Kwenye gemu ambayo kubadilisha shujaa katikati ya mechi ndiyo mbinu yenyewe, huko ni kumnyima mtu jibu. Ilichukua mpaka Aprili 2024 mashujaa wote kurudishwa bure kwa kila mtu.

Usiamini macho yako kuhusu nguvu, pima. Chukua wachezaji wa daraja moja, gawanya wenye kitu na wasio nacho, hesabu asilimia ya ushindi. Mechi 200 hazitoshi, kwa idadi hiyo bahati peke yake inaweza kuyumbisha jibu kwa karibu asilimia 7 juu au chini. Kwa mechi 2,500 unashuka mpaka takriban asilimia 2. Kama wenye kitu wanashinda 54 kwa mia kwenye mechi 2,500, kitu hicho kina nguvu, hata kama mchoraji anaapa ni pambo. Ila angalia usichanganye: anayenunua mara nyingi ndiye anayecheza sana pia, kwa hiyo linganisha mtu na yeye mwenyewe, mechi zake kabla ya kununua na baada.

Mavazi nayo yanaweza kuuza ushindi kimyakimya. Mwaka 2021 kwenye Call of Duty: Warzone kulikuwa na vazi jeusi la mhusika Roze, lenye weusi wa kufunika mwili mzima, na wachezaji wakawa wanajibanza kwenye kona za giza bila kuonekana. Watengenezaji walilazimika kulirekebisha. Kwa gemu ya simu tatizo ni kubwa zaidi. Kwenye simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 2 au 3, gemu hushushwa picha hadi kiwango cha chini, vivuli vinafutwa na nyasi zinapungua, kwa hiyo vazi lililoonekana sawa kwenye kompyuta ya ofisini linamezwa na ukuta. Lijaribu hivi: weka mhusika mita 50 mbele ya kila aina ya ukuta na nyasi uliyonayo, picha za kiwango cha chini, mwanga wa kioo nusu, kisha toka nje saa 7 mchana kwenye jua la Dodoma. Mtu asiyeijua gemu akishindwa kumwona ndani ya sekunde mbili, wakati vazi la bure anaonekana, vazi hilo lisiuzwe. Kuliongezea ukingo mwembamba unaong'aa mara nyingi kunatosha.

Ramani usiuze kabisa. Hesabu yake iko wazi. Una watu 1,200 waliopo mtandaoni saa 3 usiku. Una aina tatu za mechi, kwa wastani 400 kila moja. Madaraja matano ya uwezo, 80 kila daraja. Sasa uza vifurushi viwili vya ramani: kuna wasio na chochote, wenye cha kwanza, wenye cha pili, wenye vyote. Makundi manne, watu 20 kila moja, na karibu wote wako katikati ya mechi nyingine. Mechi inahitaji 10. Foleni inakuwa dakika sita, mtu anaondoka, foleni ya wenzake inakuwa dakika nane. Titanfall 2 ya 2016 ilitoa ramani zake za ziada bure kwa wote na kuuza mapambo, na huo ndio mpangilio wa kuiga.

Nije kwenye masanduku ya bahati. Kiswahili kimeshawapa jina wanaonunua namna hii: wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba huyu anajua ni gunia, na bado anashawishiwa kununua la pili. China ilianza kulazimisha gemu zitangaze uwezekano wa kila zawadi Mei 2017, Apple ikafuata Desemba mwaka huohuo, na kwa sababu hiyo tunazo namba za gemu ya risasi ya Counter-Strike zilizotangazwa kule China: kitu cha kawaida asilimia 79.92, kinachofuata 15.98, halafu 3.2, halafu 0.64, na kisu au glavu asilimia 0.26.

Hiyo 0.26 inasomeka kama namba ndogo tu, kwa hiyo tuitoe gambani. Kwa wastani inatoka mara moja katika masanduku 385. Ufunguo mmoja wa sanduku ni dola 2.49, kwa hiyo ni karibu dola 958, zaidi ya shilingi milioni 2 na laki 3. Na wastani sio ahadi. Ukifungua masanduku 100, uwezekano wa kupata angalau kisu kimoja ni kama asilimia 23. Ukifungua yote 385, bado kuna asilimia karibu 37 kwamba umetoka mikono mitupu. Sanduku halikumbuki kwamba ulishakosa mara 384. Anayesema "sasa lazima itoke" anafikiri kama mtu wa mkeka anayeamini timu iliyofungwa mara nne lazima ishinde ya tano.

Na huo mkeka ndio ulinganisho wa kweli. Kubeti nchini kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kuna leseni, kuna miaka 18. Sanduku la bahati ndani ya gemu ya mtoto wa miaka 11 linafanya kazi ileile, na halina mlinzi mlangoni. Ubelgiji iliamua Aprili 2018 kwamba masanduku ya kulipia ni kamari, Japani ilizuia mwaka 2012 ile aina ya kukusanya seti nzima ili upate zawadi kuu. Ushauri wangu kwa msanidi ni kutoweka kabisa sanduku la kulipia. Kama unataka msisimko wa kufungua kitu, sanduku lipatikane kwa kucheza tu, kisirudiwe kitu ambacho mchezaji anacho tayari, na kila kilichomo kiuzwe pia peke yake kwa bei yake.

Pasi ya msimu ni afadhali, kwa sababu zawadi zote zinaonekana kabla ya kulipa. Ubaya wake ni tarehe. Watanzania wanaujua vizuri uchungu wa bando lililoisha muda likiwa na megabaiti ndani, na pasi inayofungwa siku ya 70 ni jambo lilelile. Piga hesabu kabla hujaiweka: ngazi 100, kila ngazi dakika 45, ni saa 75. Kwa siku 70 ni zaidi ya saa moja kila siku bila kukosa, mitihani ya chuo ikiwemo, umeme ukikatika ukiwemo. Aliyelipa 5,000 akafika ngazi ya 60 amepoteza ngazi 40 alizokwisha kulipia. Halo Infinite iliziacha pasi zake bila kikomo tangu 2021, na Helldivers 2 ya 2024 inafanya hivyo pia, unanunua na kuimaliza utakapoweza. Kiufundi hakuna kinachozuia, ni safu moja kwenye hifadhidata inayosema pasi ipi iko hai kwa mchezaji. Wakikuambia tarehe inahitajika ili watu warudi kucheza, jibu ni kwamba mtu arudi kwa sababu kuna kitu kipya cha kufanya.

Malipo kwa simu ndipo gemu nyingi za nyumbani zinapovunjikia, hata zenye bei nzuri. Mpangilio ni huu. Mchezaji akibonyeza kununua, seva yako inatengeneza oda yenye namba ya pekee na hali ya "inasubiri", inatuma ombi kwa kampuni ya simu au mkusanyaji wa malipo (anayekuunganisha na kampuni za simu), ujumbe unatokea kwenye simu ya mchezaji ukiomba namba ya siri, akishaiweka kampuni inaijulisha seva yako, na hapo ndipo kofia inaingia kwenye akaunti. Kila kiungo cha mnyororo huu kina namna yake ya kukatika.

Ujumbe wa namba ya siri unatokea juu ya gemu, kwenye simu ileile. Simu yenye RAM ndogo inaweza kuifunga gemu ili kupata nafasi. Ikiwa kumbukumbu ya oda ilikuwa ndani ya gemu, imepotea, hela imekatwa na kofia hakuna. Oda ikae kwenye seva, na gemu ikifunguka tena swali lake la kwanza liwe "nina oda zinazosubiri?". Taarifa ya malipo nayo huchelewa, wakati mwingine huja mara mbili, wakati mwingine haiji. Namba ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata, ili taarifa ya pili isimpe mtu kofia mbili au vito mara mbili. Isipokuja, seva yako ndiyo iulize hali ya muamala: baada ya sekunde 30, dakika 2, dakika 10, kisha kila saa mpaka saa 24. Kitufe kikibonyezwa mara tatu na mtu mwenye haraka, kirudishe namba ileile ya oda.

Kamwe usitoe bidhaa kwa sababu gemu iliyoko kwenye simu imesema malipo yamekamilika. Programu ya simu inaweza kufunguliwa na kubadilishwa. Usitoe pia kwa picha ya SMS ya muamala iliyotumwa WhatsApp, maana kuigushi ni kazi ya dakika mbili. Linganisha kiasi kilichoingia na kiasi cha oda, sio uwepo wa malipo tu. Salio la vito lisiwe namba moja inayofutwa na kuandikwa upya. Liwe daftari ambalo mistari huongezwa bila kufutwa, vito vilivyoingia na vilivyotoka, na salio ni jumla yake. Kila asubuhi linganisha daftari hilo na taarifa ya kampuni ya simu ya jana. Tofauti ya shilingi 500 itafute siku hiyohiyo, kwa sababu hitilafu iliyotoa 500 leo inaweza kutoa laki ukiwa na tangazo la sikukuu.

Namba ya siri iombwe kila ununuzi, hasa kwa kuwa simu nyingi zinazochezewa na watoto ni za mama au baba. Kitufe cha kununua kisikae pale kidole gumba kinapopiga risasi au kupiga pasi. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic, wenye Fortnite, watalipa dola milioni 520, na milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wanunuzi, kwa vitufe vilivyopangwa vibaya kiasi cha watu kununua bila kukusudia na watoto kununua bila mzazi kuombwa idhini. Weka ukomo wa siku ambao mzazi anauweka mwenyewe, tuseme 2,000, na kuupandisha kuchukue saa 24 ili usipandishwe kwa hasira ya mechi moja.

Kwa wachezaji, neno moja kuhusu daimondi za bei chee zinazouzwa kwenye magrupu. Punguzo la asilimia 50 haliwezi kutoka popote halali. Mara nyingi zimenunuliwa kwa kadi ya mtu mwingine, mwenye kadi akidai hela yake ununuzi unafutwa, salio lako linakwenda hasi na akaunti inafungwa. Na anayekuomba nywila ya akaunti ili "akuwekee" anaichukua akaunti.

Kurudisha hela kuwe na kanuni ya maandishi: kitu ambacho hakijatumika kwenye mechi hata moja kirudishwe ndani ya saa 24 bila maswali. Kwa pesa za simu urejeshaji mara nyingi unautuma kama malipo mapya kwenda kwa mteja, na makato yake ni yako. Yaweke kwenye bajeti tangu mwanzo, usimkate mteja.

Halafu kuna siku seva itazimwa. Gemu ya The Crew ya kampuni ya Ubisoft ilizimwa 31 Machi 2024, na watu waliokuwa wameinunua kwa hela kamili wakabaki na kitu kisichofunguka. Kampeni iliyozaliwa na tukio hilo ilivuka saini milioni moja za wananchi wa Umoja wa Ulaya Julai 2025. Gemu yako ndogo nayo inaweza kufika huko, kwa hiyo panga mapema. Tangaza siku 90 kabla na funga duka siku hiyohiyo ya tangazo. Waache watu watumie vito vilivyobaki, na vilivyonunuliwa siku 30 za mwisho virudishwe kwa hela. Na tangu toleo la kwanza jenga njia ya kucheza kwa ruta moja bila intaneti: simu moja iwe mwenyeji, wengine waunganike nayo kwa WiFi ya ruta hiyo, orodha ya mavazi ya kila mtu ihifadhiwe kwenye faili lililotiwa saini ya seva kabla haijazimwa. Kwa mechi ya watu wanane inatosha ruta ya kawaida isiyo na bando ndani yake.